Pierre-Esprit Radisson

Pierre-Esprit Radisson (takriban 1636 – 1710) alikuwa mfanyabiashara wa manyoya, mpelelezi na mwandishi wa safari aliyezaliwa Ufaransa na kufariki Uingereza. Pamoja na shemeji yake Médard Chouart des Groseilliers alifika eneo la Ziwa Superior katika Amerika Kaskazini, kisha akawashawishi matajiri wa London kupeleka meli katika Ghuba ya Hudson. Kutokana na ushawishi huo ilianzishwa Kampuni ya Ghuba ya Hudson mwaka 1670.

Anakumbukwa pia kwa sababu alihama upande mara kadhaa kati ya Ufaransa na Uingereza, mataifa mawili yaliyoshindana vikali kutawala biashara ya manyoya. Kwa Wafaransa alikuwa msaliti, na kwa Waingereza alikuwa mtumishi wasiyemwamini kabisa. Maisha yake yanasaidia kueleza jinsi ushindani huo ulivyoendeshwa, na jinsi wenyeji wa Amerika walivyokuwa nguzo yake na baadaye kuumizwa nao.

Biashara ya manyoya katika karne ya 17

Ili kuelewa maisha ya Radisson ni lazima kumjua kwanza mnyama anayeitwa biva. Huyu ni mgugunaji mkubwa anayeishi mitoni na katika maziwa ya nchi za baridi, ambaye hukata miti kwa meno na kujenga mabwawa. Mwili wake una manyoya ya aina mbili: marefu na magumu kwa nje, mafupi na laini sana kwa ndani. Manyoya ya ndani yana vikulabu vidogo, hivyo yakilowanishwa na kushindiliwa hushikamana na kuwa kitambaa kigumu kisichopitisha maji kwa urahisi, yaani feliti. Kwa kitambaa hicho Wazungu walitengeneza kofia.

Katika karne ya 17 kofia ya biva ilikuwa alama ya heshima katika miji ya Ulaya. Lakini biva wa Ulaya walikuwa wamewindwa hadi kukaribia kwisha, na hivyo wafanyabiashara waligeukia Amerika Kaskazini.

Wawindaji walikuwa hasa wenyeji: Wahuron, Waalgonquin, Waottawa, Wacree na wengine wengi. Walibadilisha ngozi kwa sufuria, mashoka, visu, blanketi, shanga, bunduki na baruti. Ngozi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ile ambayo mwenyeji alikuwa ameivaa kwa mwaka mmoja au zaidi, kwa sababu manyoya marefu ya nje yalikuwa yameshang'oka na jasho la mwili lilikuwa limeilainisha. Vazi lililochakaa kwa mvaaji lilikuwa bidhaa ya bei kubwa kwa mshona kofia wa Paris.

Wafaransa walianzisha mji wa Quebec mwaka 1608, wakafuata Trois-Rivières mwaka 1634 na Montreal mwaka 1642. Koloni lao, lililoitwa Ufaransa Mpya, lilikuwa dogo: mwaka 1663 lilikuwa na wakazi Wafaransa wapatao 3,000 tu. Uchumi wake ulitegemea manyoya yaliyoletwa kwa mitumbwi kupitia mto Saint Lawrence na matawimto yake. Kusini mwao walikuwako Waholanzi kwenye mto Hudson hadi mwaka 1664, Waingereza walipowanyang'anya koloni hilo.

Wenyeji nao walishindana. Muungano wa Wairoquois, wenye mataifa matano wakiwemo Wamohawk na Waonondaga, uliuza manyoya kwa Waholanzi na kupata bunduki kwao. Wahuron, waliokuwa washirika wakuu wa Wafaransa, walikuwa wamepoteza karibu nusu ya watu wao kwa ndui na magonjwa mengine katika miaka ya 1630. Kati ya miaka 1648 na 1650 Wairoquois waliwashambulia na kuwatawanya. Njia ya manyoya kuelekea Montreal ikakatika. Radisson alifika Kanada wakati huo wa hofu na njaa ya biashara.

Asili na ujana

Mahali na tarehe ya kuzaliwa kwake hujadiliwa na wanahistoria. Hati alizotoa uzeeni zinaonyesha kwamba alizaliwa karibu na mwaka 1636, lakini sensa ya Ufaransa Mpya ya mwaka 1681 inaelekeza kwenye mwaka 1640. Familia yake ilikuwa na uhusiano na miji ya Paris na Avignon.

Dada yake wa mama mmoja, Marguerite Hayet, alihamia Kanada kabla yake akaolewa Trois-Rivières. Radisson alimfuata huko akiwa kijana, na mwaka 1651 hivi alikuwa mkazi wa mji huo mdogo uliozungukwa na boma la magogo. Mume wa kwanza wa Marguerite aliuawa katika vita na Wairoquois. Mwaka 1653 aliolewa tena na Médard Chouart des Groseilliers, mtu aliyekuwa amefanya kazi katika misheni ya Wajesuiti kwa Wahuron na aliyejua lugha na njia za bara.

Kutekwa na Wamohawk

Mwaka 1651 au 1652 Radisson alitoka kwenda kuwinda ndege pamoja na vijana wenzake wawili. Wenzake walirudi njiani, yeye akaendelea peke yake. Aliporejea jioni alikuta wameuawa, na mara akazingirwa na Wamohawk. Hawakumuua. Walimchukua hadi kijijini kwao kusini, katika bonde ambalo leo ni sehemu ya jimbo la New York.

Huko aliasiliwa na familia iliyokuwa imempoteza mwana. Desturi hiyo ilikuwa ya kawaida kati ya Wairoquois: mateka alijaza nafasi ya marehemu, akapewa jina lake, na kuhesabiwa kuwa ndugu kamili. Mama yake mpya alikuwa yeye mwenyewe Mhuron aliyetekwa miaka mingi kabla. Baba yake alikuwa shujaa wa vita mwenye sifa kubwa. Radisson alijifunza lugha, uwindaji, kuendesha mtumbwi na adabu za baraza.

Hata hivyo alitoroka. Akiwa mawindoni, mateka mmoja Mualgonquin alimshawishi wawaue Wamohawk watatu waliokuwa nao usingizini na kukimbilia Trois-Rivières. Walikamatwa wakiwa karibu kufika. Mualgonquin aliuawa papo hapo, na Radisson akarudishwa kijijini akateswa kwa siku kadhaa pamoja na mateka wengine. Kilichomwokoa ni familia yake ya kuasiliwa. Wazazi wake walisimama mbele ya baraza, wakatoa zawadi za kufidia damu iliyomwagika, na wakamwombea hadi akaachiwa.

Baada ya kupona alikwenda vitani pamoja na Wamohawk, kisha akafika Fort Orange, ngome ya Waholanzi iliyokuwa mahali ulipo mji wa Albany leo. Waholanzi walijitolea kumkomboa, lakini alikataa na kurudi kijijini. Baadaye alijuta, akatoroka mara ya pili na kufika ngomeni salama mwaka 1653. Kutoka hapo alisafiri kwa meli hadi Amsterdam, na mwaka 1654 alirejea Trois-Rivières.

Mafunzo ya miaka hiyo hayakupatikana katika shule yoyote ya Ulaya. Wafaransa wengi waliweza kununua ngozi, lakini wachache waliweza kukaa barazani na wenyeji wakielewa kila kinachosemwa na kinachonyamaziwa.

Misheni ya Onondaga

Mwaka 1657 Radisson alijiunga na kundi lililokwenda kwenye misheni ya Wajesuiti iitwayo Sainte-Marie de Gannentaha, katika nchi ya Waonondaga. Misheni hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka uliotangulia wakati wa amani fupi. Amani ilipovunjika, Wafaransa wapatao hamsini walijikuta wamezingirwa.

Walijenga mashua kwa siri ndani ya ngome. Kisha, Machi 1658, waliwaalika majirani zao kwenye karamu kubwa ambayo kwa desturi mgeni hapaswi kubakiza chakula. Wageni walipolala kwa kushiba, Wafaransa waliondoka usiku na kushuka mto kupitia barafu iliyoanza kuyeyuka hadi Montreal. Radisson alisimulia kisa hicho kama mmoja wa walioshiriki kukipanga.

Safari ya Ziwa Superior

Groseilliers alikuwa ameshafanya safari ndefu ya maziwa makuu kati ya miaka 1654 na 1656 na kurudi na shehena kubwa ya manyoya. Mwaka 1659 alitaka kurudi huko pamoja na Radisson. Gavana Pierre de Voyer d'Argenson aliwawekea masharti yaliyomhakikishia sehemu ya faida. Shemeji hao wawili walikataa, wakaondoka usiku bila kibali.

Walisafiri na wenyeji waliokuwa wakirudi makwao, wakapita mto Ottawa na Ziwa Huron hadi pwani ya kusini ya Ziwa Superior. Katika ghuba ya Chequamegon, iliyoko leo katika jimbo la Wisconsin, walijenga kibanda kidogo cha magogo. Kisha waliingia bara kukaa na Waottawa na Wahuron waliokuwa wamekimbia vita vya Wairoquois.

Majira ya baridi ya mwaka huo yalikuwa mabaya. Theluji ilikuwa nyepesi kiasi kwamba wawindaji hawakuweza kuwafuata wanyama bila kuzama, na njaa ikaua watu wengi kambini. Walionusurika walikula mbwa wao, kisha magamba ya miti na ngozi kuukuu. Majira yalipobadilika, mataifa mengi yalikusanyika kwa sherehe kubwa ya kuwakumbuka wafu, na Wafaransa hao wakakutana na wajumbe wa Wadakota, ambao Wafaransa waliwaita Wasioux.

Jambo lililobadilisha maisha yao walilisikia kutoka kwa Wacree: kwamba manyoya bora yalitoka kaskazini, katika nchi zinazomwaga mito yake kwenye bahari ya chumvi. Radisson aliandika kwamba yeye na shemeji yake walifika hadi bahari hiyo. Wanahistoria wengi hawakubali dai hilo kwa sababu muda waliokuwa nao haukutosha. Hata hivyo habari yenyewe ilikuwa kweli. Bahari hiyo ilikuwa Ghuba ya Hudson, na meli ikiingia humo kutoka Atlantiki ingefika katikati ya nchi ya manyoya bila kupita Quebec wala Montreal, na bila safari ya miezi mingi ya mitumbwi.

Agosti 1660 walirudi Montreal wakiongoza msafara wa mitumbwi sitini hivi iliyojaa ngozi. Koloni lilikuwa karibu kufilisika, na shehena hiyo ilikuwa nafuu kubwa kwake. Pamoja na hayo, gavana aliwatoza kodi na faini kwa kuondoka bila kibali, na kwa mujibu wa Radisson sehemu kubwa ya mapato yao ilipotea. Groseilliers alivuka bahari kwenda Ufaransa kudai haki, lakini hakusikilizwa.

Wakubwa wa Quebec walikuwa na sababu zao. Njia ya kaskazini ingehamisha biashara mbali na mto Saint Lawrence, na miji yao iliishi kwa biashara hiyo. Lakini uamuzi wa kuwaadhibu watu wawili waliojua siri ya kaskazini uliigharimu Ufaransa zaidi ya faini yoyote iliyokusanywa.

Kuhamia kwa Waingereza

Mwaka 1662 shemeji hao waliondoka Ufaransa Mpya na hatimaye wakafika Boston. Mwaka 1663 wafanyabiashara wa huko waliwapa meli, lakini ilirudishwa na barafu ilipokaribia Mlangobahari wa Hudson. Wajumbe wa mfalme wa Uingereza waliokuwa katika makoloni hayo waliwasikiliza, wakawashauri waende London. Safarini meli yao ilikamatwa na Waholanzi, waliokuwa vitani na Uingereza, nao wakashushwa Hispania. Walifika Uingereza mwaka 1665.

London ilikuwa ikiangamia kwa tauni, na mfalme Charles II alikuwa amehamia Oxford. Huko walimweleza mpango wao. Mfalme alipendezwa, na binamu yake Prince Rupert akawa mlezi wa mradi. Matajiri na watu wa ikulu wakaanza kuchanga fedha.

Tarehe 3 Juni 1668 meli mbili ndogo ziliondoka mto Thames: Eaglet ikiwa na Radisson, na Nonsuch, chini ya nahodha Zachariah Gillam, ikiwa na Groseilliers. Dhoruba iliiharibu Eaglet ikarudi Uingereza. Nonsuch ilifika kusini mwa Ghuba ya Hudson, watu wake wakajenga ngome mdomoni mwa mto walioupa jina la Rupert, wakakaa humo majira ya baridi na kununua manyoya kwa Wacree. Ilirudi London Oktoba 1669. Shehena yake haikuwa kubwa sana, lakini ilithibitisha kwamba maneno ya Wafaransa hao wawili hayakuwa ndoto.

Kampuni ya Ghuba ya Hudson

Tarehe 2 Mei 1670 Charles II alitia sahihi hati iliyounda Kampuni ya Ghuba ya Hudson, Prince Rupert akiwa gavana wake wa kwanza. Hati iliipa kampuni haki ya pekee ya biashara katika nchi zote ambazo mito yake inaingia katika ghuba hiyo. Eneo hilo, lililoitwa Nchi ya Rupert, lilikuwa na takriban kilomita za mraba milioni 3.9, zaidi ya mara mbili ya eneo la Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Badala ya kodi, kampuni ilitakiwa kumpa mfalme kulungu wakubwa wawili na biva weusi wawili kila atakapoingia katika nchi hiyo.

Watu walioishi humo kwa maelfu ya miaka hawakuulizwa. Mfalme aligawa ardhi ambayo hakuwahi kuiona, kama serikali za Ulaya zilivyofanya baadaye katika Afrika.

Radisson na Groseilliers hawakuwa miongoni mwa wenye hisa wakubwa. Walikuwa washauri na waajiriwa. Radisson alisafiri ghubani mara kadhaa kuanzia mwaka 1670, akasaidia kuchagua mahali pa ngome, aina ya bidhaa na namna ya kuzungumza na wenyeji. Katika miaka hiyo alimwoa binti wa Sir John Kirke, mwenye hisa katika kampuni. Familia ya Kirke ndiyo iliyokuwa imeiteka Quebec mwaka 1629, kwa hiyo ndoa hiyo ilimfanya atiliwe shaka na Wafaransa maisha yake yote.

Kurudi Ufaransa

Malipo yalikuwa madogo na imani ilikuwa ndogo zaidi. Mwaka 1674 padre Mjesuiti Charles Albanel, aliyefika ghubani kutoka Quebec kwa mtumbwi, alikamatwa na kupelekwa London. Huko aliwashawishi shemeji hao warudi upande wa mfalme Louis XIV. Waziri Jean-Baptiste Colbert aliwasamehe, lakini mke wa Radisson alibaki Uingereza kwa sababu baba yake alikataa asiondoke.

Quebec haikuwapokea kwa furaha. Groseilliers alirudi nyumbani Trois-Rivières. Radisson, akiwa hana kazi, alijiunga na jeshi la majini la Ufaransa, akashiriki kuanzia mwaka 1677 katika msafara wa d'Estrées dhidi ya vituo vya Waholanzi kwenye pwani ya Guinea, Afrika Magharibi, na katika visiwa vya Karibi. Mwaka 1678 meli nyingi za msafara huo ziligonga miamba na kuzama. Radisson alipona lakini alipoteza mali yake.

Msimu wa mto Hayes, 1682–1683

Hatimaye wafanyabiashara wa Quebec, wakiongozwa na Charles Aubert de La Chesnaye, waliamua kushindana na Waingereza ghubani. Mwaka 1682 waliwatuma Radisson, Groseilliers na mwana wa Groseilliers, Jean-Baptiste Chouart, na meli mbili dhaifu zenye mabaharia wachache. Walifika mto Hayes, upande wa magharibi wa ghuba, mwishoni mwa Agosti.

Punde si punde Radisson aligundua kwamba hawako peke yao. Katika mto Nelson, ulio jirani, ilikuwako meli kutoka Boston chini ya kijana Benjamin Gillam, ambayo haikuwa na kibali cha kampuni. Kisha ikafika meli ya kampuni yenyewe, ikiwa na gavana John Bridgar na nahodha Zachariah Gillam, baba yake Benjamin.

Radisson alikuwa na watu wachache kuliko wapinzani wake. Alitumia ujanja. Alimtembelea kila mmoja kwa zamu, akajifanya ana jeshi kubwa karibu, akazuia makundi hayo mawili yasijue habari za mwenzake. Mwezi Oktoba barafu iliivunja meli ya kampuni, na Zachariah Gillam akafa pamoja na baadhi ya mabaharia wake. Katika majira ya baridi Radisson aliiteka ngome na meli ya Benjamin, kisha akawashika pia Bridgar na watu wake, ambao bila chakula alichowapelekea wangekufa kwa njaa.

Mwaka 1683 alirudi Quebec na mateka, manyoya na meli ya Boston, akimwacha Jean-Baptiste na watu wachache kulinda kituo. Kwa mara nyingine hakushangiliwa. Gavana La Barre, akiogopa kuchochea vita, aliiachia meli na mateka wake, na manyoya yakatozwa kodi ya robo iliyokuwa sheria ya koloni. Radisson na Groseilliers waliitwa Ufaransa kujieleza. Walipofika, Colbert alikuwa amekwisha kufa.

Kuhama tena

Uingereza na Ufaransa zilikuwa katika amani, na balozi wa Uingereza mjini Paris alilalamika kuhusu matendo ya Radisson. Serikali ya Ufaransa ilitaka jambo hilo liishe kimya kimya. Wakati huohuo mawakala wa kampuni walimtafuta wakimwahidi mshahara na hisa. Mwezi Mei 1684 alivuka kwenda London na kuapa kuitumikia kampuni aliyokuwa ameiibia mwaka uliotangulia. Groseilliers alikataa kumfuata. Ushirikiano wao wa miaka mingi uliishia hapo.

Mwaka huohuo Radisson alirudi mto Hayes akiwa na meli ya Waingereza. Jean-Baptiste, mpwa wake, alikuwa amekaa majira yote ya baridi akilinda kituo na kukusanya maelfu ya ngozi kwa niaba ya baba yake na wafanyabiashara wa Quebec. Mjomba alimtaka akabidhi kila kitu kwa Waingereza. Kijana huyo alikubali bila kupigana, na yeye na wenzake wakachukuliwa Uingereza pamoja na manyoya. Katika maisha yote ya Radisson hakuna tendo lililojadiliwa kuliko hilo. Aliowanyang'anya safari hii hawakuwa magavana waliomdhulumu, bali watu wa nyumba ya dada yake.

Ufaransa iliagiza akamatwe na kuahidi zawadi kwa atakayemleta. Kampuni ilimfanya msimamizi wa biashara katika eneo la mto Nelson kati ya miaka 1685 na 1687. Aligombana na maofisa wengine, akarudi London na hakuiona tena Amerika.

Uzee na kifo

Radisson aliishi Westminster. Baada ya kifo cha mke wa kwanza alioa tena mara mbili, akawa na watoto wengi. Kampuni ilikuwa imemwahidi pauni 100 kwa mwaka, lakini faida ilipopungua wakati wa vita na Ufaransa ilimkatia hadi pauni 50. Aliishtaki mwaka 1694. Kesi ilichukua miaka mitatu, na mwaka 1697 mahakama iliamua kwamba alipwe haki yake. Mzee huyo mgeni aliishinda mahakamani kampuni iliyozaliwa kutokana na wazo lake, ingawa hakuwahi kuwa tajiri.

Alifariki London katikati ya mwaka 1710, muda mfupi baada ya kuandika wosia wake.

Maandishi yake

Akisubiri Nonsuch irudi, katika miaka 1668 na 1669, Radisson aliandika masimulizi ya safari zake kwa ajili ya mfalme na wafadhili. Nakala ya Kiingereza iliingia katika hati za Samuel Pepys na baadaye ikahifadhiwa Oxford, katika maktaba ya Bodleian. Masimulizi ya safari za baadaye aliyaandika kwa Kifaransa. Kazi hiyo ilichapishwa mara ya kwanza mjini Boston mwaka 1885.

Wasomaji wanapaswa kuwa makini. Radisson aliandika ili kuvutia fedha, hivyo hukuza nafasi yake na huchanganya tarehe. Alisimulia hata safari ya shemeji yake ya mwaka 1654 kana kwamba naye alikuwepo. Hata hivyo ni nadra kupata kutoka karne hiyo maelezo ya ndani ya maisha ya familia za Wamohawk, yaliyoandikwa na mtu aliyekula, kulala na kuomboleza pamoja nao.

Matokeo ya ushindani

Vita vya ghuba viliendelea. Mwaka 1686 chevalier de Troyes aliongoza kikosi kutoka Montreal kupitia misitu na mito, akateka ngome tatu za kampuni kusini mwa ghuba. Mwaka 1697 Pierre Le Moyne d'Iberville, kwa meli moja iitwayo Pélican, alizishinda meli tatu za Waingereza na kuteka ngome ya York kwenye mto Hayes. Lakini kilichoshindwa ghubani kilipatikana mezani: kwa Mkataba wa Utrecht wa mwaka 1713 Ufaransa iliiachia Uingereza Ghuba yote ya Hudson. Kwa Mkataba wa Paris wa mwaka 1763 ilipoteza Kanada yenyewe.

Kampuni iliendelea kutawala. Mwaka 1821 iliungana na mpinzani wake wa Montreal, Kampuni ya Kaskazini Magharibi, na mwaka 1870 Nchi ya Rupert ilihamishiwa kwa Kanada kwa pauni 300,000. Maduka yake ya mwisho yalifungwa mwaka 2025.

Kwa wenyeji matokeo yalikuwa ya pande mbili. Kwa muda mrefu walikuwa wafanyabiashara hodari waliopanga bei kwa kucheza kati ya Wafaransa na Waingereza. Mnunuzi mmoja alipobaki peke yake, uwezo huo ulipungua. Biva walimalizwa katika maeneo mengi, magonjwa na pombe vilienea, na ardhi iliuzwa na watu ambao hawakuwa wenyewe.

Kumbukumbu

Jina la Radisson limepewa mji mdogo kaskazini mwa Quebec, mji mwingine wa Wisconsin na kituo cha treni ya chini ya ardhi mjini Montreal. Hoteli iliyofunguliwa Minneapolis mwaka 1909 iliitwa kwa jina lake, na kutokana nayo jina hilo limeenea duniani hadi kwenye hoteli za Nairobi.

Wanahistoria wa zamani walimhukumu kwa kipimo cha uzalendo. Watafiti wa siku hizi hukumbusha kwamba katika karne ya 17 watu wengi walihudumia mfalme aliyewalipa, na kwamba Radisson alikuwa mwana wa kuasiliwa wa Wamohawk kabla ya kuwa mtumishi wa mfalme yeyote. Falme zote mbili zilihitaji maarifa yake, na hakuna hata moja iliyokuwa tayari kuyalipia kikamilifu.